Singida hadi Kigoma, nikikifuata kichwa cha treni kilichoko Nairobi

Nimerudi nyumbani Singida siku tisa zilizopita. Daftari langu lina kurasa mbili zilizolowa mchuzi wa migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, kwa hiyo baadhi ya bei nimezikokotoa upya kwa kutazama ujumbe wa malipo kwenye simu na picha nilizopiga. Panapokosekana saa kamili, mjue mchuzi umehusika.

Kwanza chanzo cha safari. Mwaka juzi nilikwenda Nairobi kwenye harusi. Asubuhi yake, wenzangu wakiwa bado wamelala, nikaenda Makumbusho ya Reli. Uani wamepanga vichwa vya treni vya mvuke vya enzi ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Kimoja kina namba 3020, na ubavuni pana bango la jina: NYATURU. Bila “M” wala “Wa” mbele yake. Mimi ni Mnyaturu. Nilisimama pale kama mtu aliyekuta jina la ukoo wake kwenye mlango wa nyumba ya ugenini.

Vichwa vya daraja la 30, yaani aina ya hiki cha 3020, vilikuwa 26, vyote vikitoka kiwanda cha North British kule Glasgow mwaka 1955 na 1956. Shirika lilikuwa limezoea kuvipa vichwa vya aina hiyo majina ya makabila ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Jirani yake pale Nairobi yuko mdogo wake wa daraja la 31, namba 3123, anaitwa Bavuma. Hao wa 31 walikuwa 46, wakatengenezwa na Vulcan Foundry, kiwanda kingine cha Uingereza, kwa ajili ya njia za matawi ambako vyuma vya reli ni vyepesi na havistahimili uzito mkubwa.

Sasa, marehemu baba mkubwa, aliyefanya kazi relini miaka kadhaa, alikuwa akitutania watoto: “Mnajua gari letu liko Tabora?” Sisi tulidhani ni lori. Tulilisubiri hilo lori mpaka tukaota ndevu, wenye kuota. Likizo hii nikaamua kwenda kuuliza.

Siku ya 1, Jumamosi: Singida – Tabora

Basi la saa 12 asubuhi, likaondoka saa 1 na robo. Nauli 22,000. Lami tupu kupitia Igunga na Nzega, sina la kusimulia isipokuwa mteremko wa Sekenke, ambako mama wa kiti cha mbele alisali kwa sauti hadi Shelui, kisha akafungua kikapu akanipa yai la kuchemsha kana kwamba tumeokoka pamoja.

Tabora saa 7 mchana. Miembe ile ile ya kwenye vitabu vya shule ipo, na bodaboda wote wamejipanga chini yake. Chumba karibu na stesheni nililipa 25,000, choo ndani, feni inayozunguka kwa hiari yake. Anayekuja na treni ya usiku apange chumba kilicho umbali wa kutembea kwa miguu. Usiku bodaboda hupandisha bei wakikuona na begi.

Jioni nilinunua nusu lita ya asali ya miombo kwa 6,000. Onjeni kabla ya kulipa. Iliyo nyeusi na kali kidogo kooni ndiyo niliyopenda.

Siku ya 2, Jumapili: stesheni

Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora 1912 na Kigoma Februari 1914, miezi sita tu kabla ya vita. Njia ya kwenda Mwanza iliongezwa na Waingereza, ikafika ziwani 1928. Ndiyo maana Tabora ni mji wa reli kuliko miji mingi: treni ya kutoka Dar huja kugawanywa hapa, mabehewa ya Mwanza huku, ya Kigoma kule, na abiria aliyeshuka kununua chai hurudi akakuta behewa lake limehamishiwa upande wa pili.

Nilitaka kupiga picha. Usianze na kamera, anza na ofisi ya stesheni masta. Nilieleza shida yangu, nikaonyesha picha ya 3020 kwenye simu. Bwana aliyekuwa zamu aliitazama, akamwita mwenzake, naye akamwita mwingine. Ruhusa nikapewa ya kupiga jengo na jukwaa, mitambo hapana. Kisha yule wa tatu akaniambia, “Mwalimu, wewe hutaki picha. Wewe unamtaka Mzee Fayamani.”

Hilo ndilo jina wanalomwita mtaani Ng'ambo, kutokana na kazi yake ya zamani ya kuchochea moto wa kichwa cha mvuke. Jina lake halisi nalihifadhi.

Siku ya 3, Jumatatu: kwa Mzee Fayamani

Siku hii itachukua nafasi kubwa, mtanisamehe.

Bodaboda 1,500. Nilikwenda na kilo mbili za sukari na majani ya chai, nikapiga hodi. Akatoka bibi, nikamwamkia “Mwangaluka, bibi,” maneno yangu yote ya Kinyamwezi yakawa yameishia hapo. Akacheka, akanivuta ndani. Mzee alikuwa uani kwenye kiti cha kukunja, redio mapajani. Sikio la kushoto halisikii. Upande huo ndio uliokuwa wa kelele, anasema, na mimi nikahamishiwa kulia.

Nikampa simu yenye picha ya 3020. Hakusoma jina. Aliikuza kwa vidole viwili mpaka magurudumu yakajaa kioo, akaanza kuhesabu kwa ukucha: “Moja. Moja, mbili, tatu, nne. Moja, mbili.” Kisha akaniangalia. “Hii kweli thelathini. Ingekuwa ishirini na tisa, huku nyuma ungeona moja tu.”

Akanifafanulia kwa njiti za kiberiti mchangani. Ubavu mmoja unaona gurudumu dogo moja la mbele linaloongoza kichwa kwenye kona, manne makubwa yaliyofungwa pamoja kwa mkono wa chuma, ndiyo yanayovuta, halafu mawili madogo chini ya tanuru. Zidisha mara mbili, upate mawili, manane, manne. Ukiongeza magurudumu chini ya tanuru unaweza kuweka tanuru pana zaidi, na uzito unagawanyika, reli hailemewi. “Thelathini na moja nayo hesabu yake ni hiyohiyo, ila mwili mdogo. Hizo ndizo za matawi. Ukimpa thelathini reli nyepesi atakuvunjia.”

Aliajiriwa 1966 kama kliina, kazi yake kusugua vichwa vikirudi shedi. Ukikaa vizuri ukliina unapanda kuwa fayamani, na fayamani akijaliwa anakuwa dereva. Yeye aliishia fayamani, na hilo halikumsikitisha, maana dereva, kwa maneno yake, “anaangalia mbele tu, sisi tunaangalia kila kitu.”

Mimi nilikuwa nimejiandaa kusikia habari za kupakia makaa kwa koleo. Mzee akatikisa kichwa. Wakubwa wake walichoma kuni. Yeye alikuta mafuta mazito. Mafuta yale hayafanani na dizeli. Asubuhi ya Juni, baridi ya Tabora, yanaganda “kama uji wa mtama uliolala.” Lazima kwanza yapashwe moto kwa bomba la mvuke ndipo yatiririke, na yakifika kwenye tanuru yanapulizwa na mvuke huohuo yawe ukungu, ndipo yanashika. Kwa hiyo kichwa kilichopoa kabisa kina kitendawili chake: kupata moto kinataka mvuke, kupata mvuke kinataka moto. Walikuwa wanaanza kwa kuni, au wanaazima mvuke kwa kichwa cha jirani.

Kazi ya fayamani ni kutazama vitu viwili visivyoisha, moshi na kioo cha maji. Moshi mweusi, umezidisha mafuta. Usipoonekana moshi kabisa, umezidisha hewa na unapoza boila. Alitaka uwe “kijivu, kama wa sigara ya tajiri.” Kioo cha maji ni mrija wima ndani ya kibanda unaoonyesha maji yalipofika kwenye boila. Maji yakishuka chini ya paa la tanuru, chuma kinabaki uchi juu ya moto, na hapo boila hupasuka. Juu ya tanuru wameweka kizibo cha madini laini kiyeyuke mapema, mvuke umwagikie moto uuzime. Nikamuuliza kama kiliwahi kumyeyukia. Akapandisha sauti ya redio.

Halafu akaja kwenye mchanga. Hapa aliinuka. Mafuta mazito huacha masizi ndani ya mirija inayopitisha moto katikati ya maji, na masizi yakikaa, joto halipiti. Dawa yake ni mchanga mkavu. Kwenye mlango wa tanuru kuna tundu. Fayamani anachota mchanga kwa kopo lenye mdomo mrefu, anamwashiria dereva, dereva anafungua mvuke kwa nguvu, na yeye analisogeza kopo tunduni. Upepo wa tanuru unaunyakua mchanga wenyewe, “humwagi, unanyang'anywa,” unapita kwenye mirija ukisugua, unatokea bombani na masizi yote. Mzee alionyesha kwa mkono: kiganja kimekunjwa, kiwiko kimebana ubavu, mara mkono unavutwa mbele kwa ghafla kama mtu aliyeshikwa na mtoto sokoni. Alirudia mara tatu. Mara ya tatu nikaona hakuwa ananionyesha mimi tena.

Bibi akaingilia kati kutoka jikoni: “Mwambie na kanga zangu!” Kumbe walikaa kota za reli, na mafayamani walipenda kupiga mchanga wakishaondoka stesheni tu, mahali ambapo kina mama wameanika nguo. Siku moja akakuta kanga mbili mpya zimekuwa madoa tupu, akajua ni mumewe kwa sababu ndiye aliyekuwa zamu. “Nilimpa chakula akasema hana njaa, akajua mwenyewe kwa nini.”

Chakula tulichopewa sisi hakikuwa na kisasi. Michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) iliyopikwa na karanga, ugali, kuku wa kienyeji na uyoga. Nikitoa pesa ya mboga, bibi akanifunga mkono.

Kuhusu 3020 yenyewe, Mzee hakutaka kunifurahisha kwa uongo. Thelathini alizifanyia kazi, namba hazikumbuki zote. Jina alilikumbuka kwa sababu ya utani: akija mfanyakazi wa Singida wanamwambia akapande gari la kwao. Basi lori la baba mkubwa nikalipata hapo.

Jumuiya ilipovunjika 1977, vitu viligawanywa, kila nchi ikaanzisha shirika lake, na dizeli zilikuwa zimeshaingia. Anasema hakukuwa na siku ya kuaga. Kichwa kilikwenda pembeni kusubiri spea, majani yakaota kati ya magurudumu.

Wakati wa kuondoka akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu: “Kule Nairobi, tundu la mchanga wameliacha wazi au wameliziba?” Nilikuwa na picha arobaini na mbili za 3020. Ndani ya kibanda hata moja.

Siku ya 4 na 5: Tabora – Kigoma

Nilikata daraja la tatu; nauli haikufika 20,000. Ulizeni dirishani, na nendeni siku moja kabla. Anayependa usingizi akate daraja la pili kulala mapema, maana huisha.

Treni ilitakiwa usiku, tukaondoka kunakaribia kucha. Njia ni moja, kwa hiyo kupishana ndiko kunakotawala ratiba: mmoja anaingia pembeni, anamngoja mwenzake hata saa mbili. Chukueni maji ya kutosha, khanga au shuka, na chaji ya akiba ya simu. Kwenye behewa letu soketi moja ilihudumia watu kumi na wawili, na foleni yake ilisimamiwa na mtoto wa darasa la nne kwa haki ambayo sijaiona kwa watu wazima.

Kiti changu kilikuwa kimekaliwa na ndoo ya asali. Mwenye ndoo, mama mmoja aliyekuwa akienda kwa mkwewe Uvinza, akaishusha chini ya miguu yake, akakaa magoti juu safari nzima na hakukubali tubadilishane.

Urambo, mashamba ya tumbaku. Kaliua nilishuka jukwaani kuangalia njia ya Mpanda ilivyochepuka kushoto na kupotelea kwenye miombo. Tawi hilo, kama kilomita 210, lilifunguliwa 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda. Machimbo yalifungwa, treni ikabaki na watu, mahindi na asali. Nilitamani kulipanda, siku hazikutosha. Nikanunua mihogo ya kukaanga ya 500 na kupiga picha moja ya reli, imetoka imekolea jua haifai.

Baada ya hapo nililala hadi Nguruka, nikaamshwa na samaki. Si harufu tu. Sinia lenyewe lilipita dirishani juu ya uso wangu. Samaki wa kukaanga 3,000, ugali wa moto kwenye mfuko 1,000. Kuleni Nguruka, msingoje mbele.

Kati ya Nguruka na Uvinza tulisimama kituo kidogo ambacho jina lake sikuliona. Pembeni lilisimama tangi la chuma juu ya nguzo, kutu mwili mzima, na mkono wa bomba umening'inia hewani juu ya majani. Wiki moja kabla ningeliona kama chuma chakavu. Kichwa cha mvuke hunywa maji kuliko mafuta, na vituo vingi vya njia hii viliwekwa pale vilipo kwa sababu hiyo: nyuma ya kichwa linavutwa behewa fupi, wao huliita tenda, lina mafuta na maji, na maji yakiisha safari imeisha. Huku kiangazi ni kikali. Fayamani alipanda juu ya tenda, akauvuta ule mkono, akafungua. Nilijaribu kumweka Mzee pale juu akiwa na miaka ishirini na kitu. Treni ikaondoka kabla sijamaliza.

Daraja la Malagarasi, maji mapana ya rangi ya chai. Uvinza, chumvi, magunia yamepangwa; watu wa hapa walichemsha maji ya chumvi karne nyingi kabla ya reli. Mama wa asali akashuka, akanimiminia chupa ndogo ya dawa iliyooshwa ikajaa. Kigoma tukaingia jua limeshakwenda.

Siku ya 6, Alhamisi: Kigoma

Stesheni ya Kigoma ni ya Wajerumani na imekaa kama mtu aliyejiandaa kupokea wageni wakubwa ambao hawakufika. Nyuma yake mji unapanda mlima, mbele ziwa. Reli inakwisha. Nilitembea mpaka nilipoonyeshwa kwa adabu kwamba basi.

Mvuke una ndugu mwingine hapa. Meli ya Liemba ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye masanduku kama 5,000, ikasafirishwa hadi Dar na kuletwa huku kwa reli hiihii niliyolalia. Ikaelea Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili Wabelgiji wasiipate, wakaipaka grisi mitambo kwanza, kama mtu anayefunika chakula akijua atarudi. Hawakurudi. Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya. Iliendeshwa kwa mvuke hadi miaka ya 1970 ilipotiwa dizeli. Yaani alipokuwa Mzee anapiga mchanga Tabora, huku mwisho wa njia walikuwa nao wanatazama kioo cha maji.

Bandarini picha nilikataliwa, sikubishana. Nikapanda daladala ya 600 kwenda Kibirizi, nikala migebuka kwa wali mwekundu wa mawese, 5,000, na hapo ndipo daftari lilipopata ajali yake. Dada muuzaji alinianikia kurasa kwenye kamba ya nguo kwa vibanio. “Mwakeye,” nikamwambia kwa kumshukuru. Akaniambia hiyo ni salamu, si asante, na ni ya asubuhi, lakini ameipokea.

Dagaa wakavu kilo mbili nimeleta nyumbani. Funga mifuko mitatu, kisha omba msamaha kwa basi zima.

Siku ya 7 na 8: kurudi

Basi Kigoma hadi Tabora, kulala, basi hadi Singida. Vumbi, halafu lami, halafu nyumbani.

Juzi simu iliita mara moja ikakatika. Mzee hapigi, hubipu. Nikampigia. Hakuuliza nilifikaje.

“Mwanangu, umeshakwenda Nairobi?”

“Bado, Mzee. Ndiyo kwanza nimefika Singida.”

“Haya. Ukienda, lile tundu usilisahau. Na ubebe tochi, mle ndani giza.”